Pumzi Nilizozikata

Kosa langu la kwanza katika kazi ya ualimu lilikuwa kumkata mtoto pumzi. Sisemi kwa mafumbo. Nilichukua rekodi ya mwanafunzi wa gredi ya pili akisoma, nikainakili kwenye simu yangu, nikatafuta kila mahali aliponyamaza, nikafuta kimya kimoja baada ya kingine kwa kidole hiki cha shahada. Dakika tatu na ushei zikawa sekunde thelathini na moja. Nilipomaliza niliisikiliza mara sita, na kila mara nilitabasamu kama mtu aliyepika pilau lake la kwanza likaiva bila kushika chini ya sufuria.

Nitaeleza nilivyofika hapo, ingawa sehemu nyingine naona haya kuziandika.

Shule ninayofundisha iko ndani kidogo kutoka barabarani, Matsangoni, kati ya minazi na mikorosho. Mimi nilizaliwa Gede, si mbali na hapo. Wazazi wangu walitoka bara kufuata kazi, wakapanga chumba kwa muda, na muda huo haujaisha mpaka leo. Kwa kuwa nilizaliwa hapa, nilidhani najua kila kitu cha hapa.

Shule ilikuwa na vishikwambi ishirini na viwili ndani ya sanduku la chuma, chini ya meza ya mwalimu mkuu. Vilikuwa vimekaa pale tangu kabla sijafika. Juu ya sanduku paliwekwa birika la chai na ratiba ya miaka iliyopita. Walimu wenzangu hawakuvichukia. Waliviheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu mkwewe. Wiki yangu ya pili, mwalimu mkuu, mama wa Malindi mjini anayesema Kiswahili cha kujaa mdomo, alinikabidhi ufunguo.

"Mwanangu," aliniambia, "mambo haya ya kubonyezabonyeza yatakuwa yako. Sisi wengine vidole vyetu vishazoea chaki."

Ilikuwa nimwambie pale pale kwamba mambo hayo sikuyasomea. Cheti changu ni cha ualimu tu. Nilichokijua kuhusu kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikitazama video, nikijaribu, nikiharibu, nikianza tena. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na ugonjwa mmoja: kila siku anangoja kugunduliwa. Ugonjwa huo ulinishika mpaka kwenye kucha. Basi sikusema kitu. Nilipokea ufunguo kwa mikono miwili.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvibandika namba. Nilikata vikaratasi kwa rula, nikaandika moja mpaka ishirini na mbili kwa kalamu nyeusi, nikabandika kila kimoja kwenye kona ya chini kulia. Namba kumi na saba ilipinda kidogo. Nikabandua zote, nikaanza upya.

Kitu cha pili kilikuwa sheria: hakuna kugusa kioo bila kunawa mikono. Siku ya somo la kwanza watoto arobaini na wanne walipanga mstari mbele ya ndoo moja yenye bomba. Dakika ishirini zikayeyuka. Wakaingia darasani mikono ikichuruzika, wakagusa vioo, na vioo vikagoma, maana kioo cha kishikwambi hakielewi kidole kilicholowa.

"Mwalimu, changu kimekufa!"

"Changu pia kimekufa!"

"Chake kimekufa kwa sababu amekiuma!"

"Sikukiuma, nilikibusu!"

Wakajifuta mikono kwa mashati yao, ambayo tangu asubuhi yalikuwa yameshafuta ubao, madawati na pua kadhaa. Vioo vikawa vichafu kuliko kama wasingenawa kabisa. Kengele ikalia kabla hatujafungua hata herufi moja. Nilibaki peke yangu nikivipangusa vyote ishirini na viwili kwa leso ya mfukoni. Mwalimu mkongwe wa gredi ya tano, mtu wa bara kama wazazi wangu, mwenye utani wa kukata, alichungulia dirishani.

"Ticha," akasema, "kesho uwapake na manukato."

Polepole mambo yalikaa sawa. Watoto walijifunza kufungua na kufunga, kuburura picha, kuchagua silabi. Walivishika wawili wawili, wakagombana, wakapatana. Ningetosheka na hayo kama ningekuwa mtu wa kutosheka. Lakini siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa na wazo. Kila mtoto wa gredi ya pili angesoma aya moja, asomapo arekodiwe, na mzazi wake akija aketi, avae vipokea sauti masikioni, amsikilize mwanawe. Nilitunga hadithi ya mistari tisa mimi mwenyewe. Ilihusu mbuzi wa jirani anayeingia darasani na kula daftari la hesabu. Mwalimu anapouliza nani hakufanya kazi ya nyumbani, watoto wote wanamwonyesha mbuzi kwa kidole. Niliiandika upya mara kumi na moja. Mbuzi alikuwa mweupe, akawa mweusi, akarudi kuwa mweupe.

Tatizo lilikuwa kelele. Upande mmoja wa darasa letu gredi ya kwanza huimba silabi, upande wa pili jirani ana kinu cha kusaga mahindi, na majogoo wa Matsangoni huwika saa wanayotaka. Nilikuwa nimejifunza kwenye video kwamba vitu vinene na laini humeza mwangwi. Nikatafuta shule nzima, nikapata chumba kimoja tu cha aina hiyo: stoo ya chakula. Nilipanga magunia ya mahindi na maharagwe pande tatu, nikaweka kigoda katikati, na mtoto akaketi humo kama yai ndani ya trei. Kwa siku tatu, mpishi wa shule alilazimika kubisha mlango wa stoo yake mwenyewe.

"Hodi studio," alisema. "Mwaniruhusu kuchukua maharagwe, au nayo yanarekodiwa?"

Ndani ya stoo niliweka sheria moja, kimya kabisa. Nilikaa mbele ya mtoto nikiwa nimeweka kidole mdomoni tangu mwanzo mpaka mwisho, nisije nikakohoa nikaharibu.

Siku ya pili akaingia msichana mmoja wa miaka minane, mwembamba, mwenye pengo la meno mawili ya mbele, anayelelewa na bibi yake. Darasani alikuwa mchangamfu. Aliketi kwenye kigoda, akashika kishikwambi kwa mikono miwili, akaanza.

"Mbuzi wa jirani," akasoma kwa sauti safi. Kisha akaacha, akainua macho, akanitazama.

Nilibaki na kidole mdomoni. Yeye akangoja. Nami nikangoja. Mwishowe nikamwashiria kwa mkono aendelee.

"Aliingia darasani kwetu," akasoma. Akaacha tena. Akanitazama tena.

Ikawa hivyo mpaka mwisho, kipande na kimya, kipande na kimya. Neno moja lilimshinda kweli, neno "wakamwonyesha", akalirudia mara tatu. Vimya vingine vyote sikuvielewa, nikaamua amekwama. Nilisikitika, na nakiri kwamba nilijisikitikia mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Niliona kwamba mtu yeyote atakayesikia vile vimya atanisikia mimi ndani yake, mwalimu asiyejua kazi.

Kufuta kulianza kwa jambo dogo. Kwenye rekodi ya mtoto mwingine kulikuwa na jogoo, nikamtoa. Kwenye nyingine kulikuwa na kikohozi, nikakitoa. Kwa nini nisitoe na kimya kimoja? Na nikishatoa kimoja, cha pili kinabaki kwa faida gani? Nilipofika kwa msichana yule nilikuwa nimeshakolea. Nilikata na kuunganisha adhuhuri nzima, chakula changu kikapoa. Nikatoa hata zile "wakamwonyesha" mbili zilizovunjika, nikaacha moja nzima. Sekunde thelathini na moja. Mtoto alisoma kama msomaji wa habari wa redio.

Kesho yake, wakati wa chai, walimu wote wakiwa mezani, mwalimu mkuu akaomba kusikia kazi yangu. Ningeweza kumchezea rekodi ya mtoto yeyote. Nikamchezea ile, kwa kuwa ndiyo niliyojivunia.

"Subhanallah!" akasema, akaweka kikombe chini. "Mtoto anabubujika kama maji! Rudia nisikie."

Nikarudia. Mwalimu wa gredi ya tano alinitazama kwa jicho la upande.

"Huyu ndiye anayekaa na bibi yake? Yule wa pengo?"

"Ndiye," nikasema.

"Basi imekwisha," akasema mwalimu mkuu. "Siku ya wazazi atasimama huyu, asome mbele ya kadamnasi, na maandishi yaonekane ukutani kwa projekta. Tutampigia simu bibi yake leo leo."

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikaujaza chai.

Sasa zilikuwa zimebaki siku tisa, na mtoto wa miaka minane alikuwa anapelekwa mbele ya wazazi wote wa shule kusoma kwa namna ambayo hajawahi kusoma maishani mwake. Ningeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Badala yake nikafanya kosa la pili, la kipumbavu kuliko la kwanza: nikaamua kumfundisha mtoto kuifikia rekodi.

Kila siku baada ya masomo niliketi naye, nikamchezea sauti yake. "Sikiliza unavyosoma," nilimwambia. "Sasa soma hivyo hivyo."

Siku ya kwanza alicheka. "Mwalimu, huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona sichoki?"

Akajaribu. Alikimbia, akameza maneno, akafika mstari wa nne akaanza kukohoa. Siku ya pili hakucheka. Kila alipoacha kidogo na kuniangalia, niligonga meza kwa kalamu, naye akashtuka na kuruka mstari. Alhamisi, darasani, hakuinua mkono hata mara moja. Ijumaa alinijia nikifunga sanduku, akasimama kwa mguu mmoja.

"Mwalimu, kama siku ya wazazi nitaumwa na tumbo, nani atasoma?"

"Unaumwa na tumbo?"

"Bado," akasema.

Ile "bado" ilininyima usingizi usiku kucha. Jumamosi asubuhi nilikifunga kishikwambi ndani ya kitambaa, nikatembea mpaka kwao. Ningependa kusema kwamba nilikwenda kukiri. Nilikwenda nikiwa na matumaini kwamba bibi atakuwa mgonjwa, au atakuwa na safari, au atakataa tu mjukuu wake asisome, niokoke bila kusema.

Bibi alikuwa mzima kabisa. Alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, akishona makuti. Alichukua jani, akalikunja juu ya kijiti, akalifunga kwa uzi, akachukua lingine, mikono ikienda bila yeye kuitazama. Msichana alikuwa kando yake akichambua majani. Aliponiona akajificha nyuma ya rundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiwe mwalimu wa simu?"

"Ndimi."

Akanikagua kutoka viatu mpaka kichwa. "Mke mwenzangu akusema kila siku, mwalimu, mwalimu. Nikadhani ni mtu mzima. Kumbe kijana, hata ndevu hazijaamua kama zitoke au zikae!"

"Hawe!" msichana akapiga kelele nyuma ya makuti. Kwao bibi huitwa hawe, na kwa utani wa bibi na mjukuu, mjukuu wa kike ni mke mwenza.

"Nisimwambie? Wamwonea wivu?" bibi akasema, akacheka mpaka kijiti kikamdondoka. "Haya, nipe nisikie huo usomaji niliopigiwa simu. Toka siku ile nimeshawaambia majirani wote."

Nikafungua kitambaa, nikacheza ile rekodi. Mikono ya bibi ikasimama, jani likiwa limekunjwa nusu. Aliinamisha kichwa. Ilipoisha akasema, "Tena." Nikacheza tena.

"Sauti ni yake," akasema taratibu. "Lakini huyu hapumui. Mwanangu, huyu mtoto apumua wapi?"

Walimu saba walikuwa wameisikiliza rekodi ile, wote wamesoma, na hakuna aliyeuliza swali hilo. Bibi hajui kusoma. Aliniangalia kwa wasiwasi wa kweli, kama kwamba nimemletea habari za ugonjwa.

"Ni mashine imezila pumzi zake?"

Hapo ndipo ningeweza kuisingizia mashine. Nakiri kwamba nilifikiria.

"Si mashine, bibi. Ni mimi. Alikuwa ananyamaza sana, nikavikata vimya vyote. Nikaona aibu. Kisha mwalimu mkuu akamsifu, nikashindwa kusema. Na wiki hii nzima nimemlazimisha asome kama hivi, na hawezi, wala mimi mwenyewe siwezi."

Msichana alitokeza kichwa juu ya rundo la makuti. "Kwa hivyo huyo si mimi?"

"Ni wewe uliyekatwakatwa."

"Nilijua!" akasema, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Hawe, si nilikwambia? Nilikwambia yule hachoki!"

Bibi hakunigombeza. Alikuwa ameshika neno jingine. "Ananyamaza? Mke mwenzangu? Huyu asiyefunga mdomo hata akilala? Mpe hicho chombo asome, nione."

Msichana akaketi kwenye mkeka, kishikwambi mapajani. Bibi akarudi kwenye makuti yake.

"Mbuzi wa jirani," akasoma, akaacha.

"Ehee," bibi akaitika, akipitisha uzi.

"Aliingia darasani kwetu."

"Ehee! Afuata nini?"

"Akaona daftari la hesabu."

"Lo! Usiniambie!"

"Akala kurasa zote," akasoma msichana, akianza kucheka, "mpaka majibu!"

"Ehee! Basi huyo mbuzi amefaulu!"

Wakaenda hivyo mpaka mwisho. Alipofika kwenye "wakamwonyesha" alikwama, akavunja neno vipande, akaliunganisha, na bibi akamngojea bila kuinua macho, kisha akaitika kama kawaida. Hakukuwa na kimya kirefu hata kimoja. Kila nafasi niliyoidhania ni ya kukwama ilikuwa na mtu ndani yake.

Nikamwuliza bibi kwa nini anaitika. Akaniona mjinga, kwa upole.

"Ngano huitikiwa, mwanangu. Tangu mdogo namhadithia nikishona makuti, naye aitika. Akinyamaza, nami nanyamaza, maana nitajuaje kama yu pamoja nami au akili yake yacheza huko nje? Alipoanza kusoma vitabu akawa anisomea mimi, nami namwitikia. Kwani wewe huko shule hukumwitikia?"

Nilikumbuka kidole changu mdomoni, na yale macho yaliyokuwa yakiinuka kila baada ya kipande. Alikuwa akiniuliza kama nipo. Mimi nikamwashiria anyamaze, kisha nikaenda kumfuta. Nilizaliwa umbali wa safari fupi tu kutoka kwenye mkeka ule, lakini nyumbani kwetu hadithi zilitoka kwenye televisheni, na televisheni haimngoji mtu.

Jumatatu nilimweleza mwalimu mkuu yote. Aliniacha niseme mpaka mwisho, jambo ambalo ni baya kuliko kukatizwa.

"Mwanangu," akasema, "mtoto umemwosha hata umemtoa ngozi. Na siku ile nilipokusifu ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Basi siku ya wazazi hutanyamaza. Rekodi zote mbili utazicheza, ya kweli na hiyo ya kwako. Utaeleza kwa mdomo wako. Kisha mtoto atasoma kwa namna yake."

"Mbele ya wazazi wote, mwalimu?"

"Ulikuwa tayari kumsimamisha mtoto wa miaka minane mbele yao. Wewe una miaka mingapi?"

Nilikwenda kumwomba msichana ruhusa ya kucheza ile rekodi yenye vimya. Akafikiri, akiingiza ulimi kwenye pengo.

"Cheza," akasema. "Lakini kwanza waambie uliweka kidole mdomoni."

Siku yenyewe niliamka kabla ya majogoo. Nilipima umbali wa projekta kwa hatua, nikapima tena. Tuliziba madirisha kwa leso za kujifunga za akina mama ili ukuta upate giza, nami nilipanga ncha zake zilingane. Wazazi walijaa mpaka mlangoni: wenye kanzu, wenye sare za kazi, wakulima waliokuja na majembe ili wapitilize shambani, akina mama wenye watoto mgongoni. Bibi wa msichana alikaa mstari wa mbele, amevaa leso mpya, na amewaleta majirani wote aliowaambia.

Nilisimama nikasema. Maneno niliyoyaandika mara tisa yakanitoka kichwani, nikasema mengine. Niliwaambia nilichokata na kwa nini. Niliwaambia habari ya magunia na kidole. Nikacheza rekodi zote mbili, na vile vimya vya stoo viliposikika, mama mmoja nyuma hakuweza kuvumilia. Alivijaza mwenyewe: "Ehee!" Watu wakacheka. Nilikuwa nimejiandaa kupokea hasira yao, si kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, hata mimi ningenyamaza, kwenye magunia yale nani atanijibu, maharagwe?" Na mpishi, kutoka mlangoni: "Maharagwe yenyewe yalikatazwa kusema!"

Msichana akaja mbele. Papo hapo leso moja ikaanguka dirishani, jua likaingia, maandishi yakafutika ukutani. Niliruka kuikimbilia. Mwalimu mkuu akanishika mkono wa shati.

"Kaa chini," akasema. "Maneno anayo mkononi."

Nikakaa. Msichana akainua kishikwambi namba kumi na saba.

"Mbuzi wa jirani," akasoma, akainua macho.

"Ehee," akaitika bibi yake.

"Aliingia darasani kwetu."

Safari hii uliitika mstari mzima wa mbele. Kwenye sentensi ya tatu, iliitika nusu ya chumba. Mwalimu wa gredi ya tano, ambaye tangu nifike sijawahi kumsikia akimwitikia mtu, alisema "Ehee" kwa lafudhi nzito ya bara, na watoto wakamgeukia kwa furaha. Ukuta haukuwa na neno hata moja, na hakuna aliyeutazama.

Kisha akafika kwenye "wakamwonyesha".

"Waka," akasema. Akasimama. "Wakamwo." Akasimama tena.

 Nilihisi kidole changu cha shahada kikijikunja chenyewe mapajani, kikitafuta pa kukata. Nilihesabu kimoyomoyo moja mpaka saba. Nilitaka kumsaidia kuliko nilivyotaka kitu chochote. Sikumsaidia. Watu wote walingoja, kwa raha tu, kama watu wanaomngojea mwenzao afunge kamba ya kiatu.

"Waka-mwo-nye-sha," akasema. "Wakamwonyesha mbuzi kwa kidole!"

"EHEE!" Nadhani walisikia mpaka barabarani. Kinu cha jirani hakikufua dafu. Bibi alisimama, akarusha leso begani. "Mke mwenzangu huyo!" aliwaambia majirani. "Mwamsikia? Na apumua!"

Msichana hakuumwa na tumbo. Baadaye alikula sahani mbili za wali.

Tangu siku hiyo watoto wa gredi ya pili husoma wawili wawili, mmoja akisoma na mwenziwe akiitika, na kishikwambi kinawarekodi wote. Mpishi amerudishiwa stoo yake. Tunarekodi darasani, penye kinu na majogoo. Mikono wananawa asubuhi mara moja, halafu basi. Namba kumi na saba imepinda tena, naiona kila ninapofungua sanduku, na sijaibandua. Bado naandika mpango wa somo mara tatu kabla ya kuukubali, na bado nangoja kugunduliwa, ingawa si kila siku. Ile programu ya kukatia sauti nimeifuta kwenye simu yangu. Mtoto akisoma mbele yangu akiinua macho, namwitikia, na rekodi naiacha kama ilivyo.